Mchana kwa wakili, jioni darasani: maswali yenu kuhusu kusomea usaidizi wa kisheria

Mwezi huu barua na meseji nyingi zimetoka huku huku kwetu, Mbeya, Tukuyu, Mafinga, Njombe, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti. Mtu yuko tayari ndani ya kazi za sheria, anachapa hati, anabeba mafaili, anaita majina ya watu nje ya mahakama, na anataka asome awe msaidizi wa kisheria bila kuacha kazi inayomlisha. Mimi nimepita humo humo. Nilikua karani kwa wakili miaka sita hapa Mbeya kabla sijahamia kituo cha msaada wa kisheria nilipo sasa, kwahiyo maswali haya nimeyasoma kama vile nasoma barua zangu mwenyewe za zamani.

Ugonile dada. Nina miaka 27, naishi Uyole, niko kwenye ofisi ya wakili mjini mwaka wa nne huu. Nilianza na kufagia na kupeleka samansi, sa hivi nachapa hati, napanga mafaili, nafungua kesi kwenye mfumo wa mahakama na wateja wakija wananikuta mimi kwanza. Nina kidato cha nne, D tano na C ya Kiswahili. Nataka nisomee paralegali huku naendelea na kazi maana nina mtoto na mama yuko Rungwe ananitegemea. Kuna wanaoniambia kozi ni wiki chache tu nakua mwanasheria, na kuna wanaosema niachane nayo nisome cheti cha sheria. Nishike lipi?
*Karani, Uyole*

Ndaga fijo mdogo wangu. Miaka minne kwa wakili sio midogo, na hiyo ya kuanzia kwenye samansi mpaka kufungua kesi kwenye mfumo ni shule ambayo kuna watu wana digrii ukutani hawajaipata, usiidharau hata siku moja.

Ila hilo neno paralegali tuliweke sawa kwanza maana ndo linawachanganya wengi. Paralegali ndo huyo huyo msaidizi wa kisheria, na hapa Tanzania anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kabla ya hapo walikuwepo miaka mingi tu, vijijini watu wanawajua na wanawaheshimu, ila sheria ilikua haiwataji, mtu anaenda kituo cha polisi kumfuatilia mwananchi anaulizwa wewe nani na umetumwa na nani anakosa cha kujibu. Sheria ya 2017 ikaweka Msajili chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na wasajili wasaidizi huku mikoani na wilayani. Ukienda halmashauri yako ukauliza pale maendeleo ya jamii watakuelekeza. Sheria hiyo ndo inasema msaidizi anafanya nini: anaelimisha watu kuhusu sheria, anamwelekeza mtu aende chombo gani, anamsaidia kupata nyaraka anazotakiwa kuwa nazo, anasaidia watu waelewane pale panapofaa kuelewana. Hasimami mahakamani kumtetea mtu kama wakili, na mwananchi anayesaidiwa halipi chochote.

Kwahiyo anayekuambia wiki chache unatoka mwanasheria anakudanganya, na kama yeye ndo anauza hiyo kozi basi mwogope zaidi.

Sasa kuhusu sifa. Sheria inampokea mwenye digrii, diploma au cheti cha sheria, na inampokea pia mtu wa kidato cha nne aliyepitia mafunzo ya usaidizi wa kisheria yanayotambulika. Ina maana wewe una milango miwili ya kuingilia chumba kimoja. Ukipita ule wa mafunzo mafupi unakua msaidizi wa kisheria, na safari inaishia hapo mpaka utafute cheti baadaye. Ukipita ule wa cheti cha sheria unakua na sifa ya usaidizi wa kisheria na wakati huo huo umeshakanyaga ngazi ya kwanza ya kwenda juu, yani diploma, digrii, halafu Shule ya Sheria kule Dar es Salaam kama moyo wako uko kwenye uwakili. Kwa mtu wa miaka 27 ambaye tayari anaishi katikati ya mafaili mimi nasema chukua cheti, na nalisema bila kusitasita. Mafunzo mafupi utayapata tu njiani, yanatangazwa na mashirika na vituo, ukiona tangazo omba ruhusa au tumia siku zako za likizo uende, kwa sababu yanafundisha vitu ambavyo cheti hakifundishi vizuri, mfano kukaa na mama aliyepigwa na kumsikiliza bila kumkatisha.

Matokeo yako yanatosha. Kwa vyuo vilivyo chini ya NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya cheti na diploma, cheti kinataka ufaulu wa D nne na masomo ya dini hayahesabiwi, wewe una masomo sita. Kwa huku kwetu Kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe wanafundisha sheria, Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU), Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama ambacho ni kizuri mno kwa cheti na diploma ila ni Tanga huko, na wewe una mtoto. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa hapa Mbeya na kimeanzishwa kwa ajili ya watu wa aina yako, wanaosoma huku wanafanya kazi, kwahiyo ukifika kwenye hatua ya digrii kumbuka hicho. Kabla hujalipa hata shilingi moja ya fomu nenda mwenyewe chuoni uulize mambo matatu: darasa la jioni au la wikiendi lipo mwaka huu kweli au lipo kwenye kipeperushi tu, mitihani inafanyika saa ngapi, na field, yani mafunzo ya vitendo kazini, inachukua wiki ngapi na kama ofisi unayofanyia kazi inakubalika kuwa sehemu ya field. Hilo la tatu watu hawaulizi na ndo linalowaangusha, mtu anasoma vizuri mwaka mzima halafu anakuja kugundua anatakiwa aondoke kazini miezi miwili.

Kuhusu bosi wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki na inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, ila humo ndani hamna likizo ya mtihani wala likizo ya masomo. Hiyo mnakubaliana wenyewe, na mkikubaliana iandikwe hata kama ni nusu ukurasa, tarehe na sahihi. Usitegemee "we nenda tu hamna shida" aliyoisema siku ana furaha, maana mtihani utaangukia siku ambayo kuna hati ya utetezi inatakiwa iingie na hakuna wa kuichapa.

Na darasani utakutana na Kiingereza. Tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama na ya sheria ni Kiswahili, hukumu za Kiswahili unaziona mwenyewe ofisini, lakini sheria nyingi za zamani na vitabu vingi bado viko Kiingereza na mwalimu atafundishia hicho. Nilichokua nafanya mimi ni hiki: usiku nikisoma mada, labda mwenendo wa kesi za madai, kesho yake nikifika ofisini natoa faili moja lililokwisha, nalisoma kuanzia hati ya madai mpaka hukumu huku naitafuta ile mada humo ndani, nimeandika pembeni ya daftari neno la Kiingereza na neno analolitumia hakimu kwa Kiswahili. Baada ya miezi mitatu nilikua naelewa hotuba ya mwalimu kabla hajamaliza sentensi. Mwenzangu aliyetoka shule moja kwa moja hana hayo mafaili, wewe unayo, ila hayatoki nje ya ofisi na wala huyapigi picha, unasoma pale pale.

Nikuambie na gumu lake. Ukitoka mjini saa mbili usiku ukafika Uyole karibu saa tatu, mwezi wa sita na wa saba ule upepo unakupiga mpaka mifupa inauma, mtoto ameshalala, na kesho saa mbili asubuhi mahakamani. Utachoka. Tafuta mtu wa kukaa na mtoto siku za darasa kabla hujajisajili, usiseme nitajua mbele ya safari.

Na kama unawaza kufika mpaka uwakili basi jua pia kwamba ile ngazi ya mwisho sio ya mchezo. Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria yalitikisa nchi nzima, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikua 26, wengine 342 wakatakiwa kurudia mitihani na 265 wakaondolewa, mpaka waziri akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ambaye ni mtu wa Kyela hapo chini. Wengi walilaumu msingi mbovu wa huko nyuma. Huo msingi wewe unaujenga sasa, kwenye cheti, kwa hiyo usikimbilie kumaliza.

Dada habari. Niko Njombe, ni mhudumu wa ofisi ya wakili. Nimeona kwenye mtandao kozi ya paralegali ya Uingereza, unasoma kwa simu, unalipa kwa kadi na wanakutumia cheti. Inafaa kwa huku?
*Msomaji, Njombe*

Kwa kujifunza tu, sawa. Kwa kufanyia kazi Njombe, hapana, weka hela yako.

Kule neno ni lile lile ila maana ni nyingine. Paralegali wa Uingereza ni mwajiriwa wa ofisi ya mawakili, analipwa mshahara, anaandaa nyaraka na utafiti chini ya wakili, yani anafanana zaidi na wewe ulivyo sasa kuliko na msaidizi wa kisheria wa huku anayekaa na wanakijiji bure. Tangu 2021 wana mfumo mpya wa mitihani wa kuwa wakili ambapo lazima uwe na miaka 2 ya uzoefu wa kazi, na kazi ya uparalegali inaweza kuhesabika humo, ndo maana kozi zimekua nyingi na matangazo yanakufuata mpaka kwenye simu yako Njombe. Sheria wanayofundisha ni ya kwao. Ukija na hicho cheti halmashauri watakuuliza kuhusu Sheria ya Ardhi ya Vijiji na Baraza la Kata na hutakua na jibu.

Shikamoo dada. Mimi nina steshenari karibu na mahakama Tukuyu, nachapa hati za watu. Mtu anakuja anasimulia kesi yake mimi namwandikia, naweka maneno ya kisheria ambayo nimeyazoea, nachukua elfu thelathini mpaka hamsini. Watu wananiita mwanasheria. Nataka nipate mafunzo ya usaidizi wa kisheria ili niwe halali. Nianzie wapi?
*Mchapaji, Tukuyu*

Marahaba mdogo wangu. Nashukuru umesema ukweli wote mpaka kiasi, maana wengine wangeficha, na mimi nitakujibu kwa ukweli huo huo.

Unachofanya sasa kina sehemu mbili. Kuchapa kitu ambacho mtu amekuja nacho kimeandikwa, ukalipwa hela ya kuchapa, hiyo ni biashara yako safi kabisa. Kumsikiliza, kutunga hati ya madai kichwani mwako na kumtoza elfu hamsini, hiyo ni kazi ya wakili na Sheria ya Mawakili inakataza mtu asiye wakili kuifanya kwa malipo. Mtaani wanamwita mtu huyo kishoka. Sikuiti hivyo kukutukana, nakuonyesha ulipo. Na mafunzo ya usaidizi wa kisheria hayatahalalisha hiyo elfu hamsini, yataiondoa kabisa, kwa sababu msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumtoza mtu. Kwahiyo jiulize kabla ya kuchukua fomu: uko tayari mtu yule yule aliyekua anakulipa elfu hamsini akae kwenye benchi lako umsaidie bure, na uendelee kula kwa kuchapa na kutoa kopi tu? Ukisema ndiyo, uje, tunakuhitaji mno, maana watu wanafika kwako kabla hawajafika popote.

Nikusimulie kwanini naliongelea hili kwa uchungu. Mwaka fulani alikuja mama mmoja mtu mzima kituoni, ametokea upande wa Kiwira, karatasi zake amezifunga kwenye pindo la kitenge, akazifungua moja moja akazinyoosha na kiganja juu ya meza. Shamba lake la migomba lilichukuliwa na mtoto wa shemeji yake. Alikua ameandikiwa hati na mchapaji, amelipa elfu arobaini, hati nzuri kwa macho, maneno makubwa makubwa, imeelekezwa Mahakama ya Mwanzo. Ilirudishwa. Mgogoro wa ardhi hauanzii Mahakama ya Mwanzo, unaenda Baraza la Kata halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena nani mwenye shamba, linasuluhisha ndani ya siku 30, ikishindikana linatoa hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana na ndo unaenda nayo wilayani. Chini ya ile hati hapakua hata na jina la aliyeiandaa, na hilo peke yake linatosha hati kukataliwa.

Kilichonitisha zaidi kilikua muda. Nikamuuliza, mama, huyu kijana alianza lini kulima hapo? Hakumbuki mwaka. Nikamwambia tuhesabu kwa watoto. Akasema mjukuu wangu ndo alikua anaanza la kwanza, tulikua hatuna hata hela ya sare. Na sasa mjukuu yuko wapi? Amemaliza form four anasubiri matokeo. Nikahesabu na vidole vyangu chini ya meza asinione, la kwanza mpaka la saba miaka saba, form one mpaka four miaka minne, kumi na moja. Kudai ardhi mwisho ni miaka 12. Yule mama alikua amebakiwa na kama mwaka mmoja tu, na miezi mingine alikua ameshaipoteza anasubiri ile hati ya elfu arobaini ijibiwe. Siku ile ile nilitoka naye mpaka kwa mtendaji wa kata, usuluhishi ukashindikana, akapewa hati yake na shauri likapokelewa wilayani muda ukiwa bado haujaisha.

Yule mchapaji hakua na nia mbaya. Hakujua kuuliza "alianza lini kulima". Hicho ndo utakachokuja kujifunza.

Kwahiyo anza hivi: kesho mtu akikusimulia kesi, usitunge. Mwambie aende kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu au kwa wakili, wewe utamchapia. Halafu nenda maendeleo ya jamii halmashauri ya Rungwe uulize mashirika gani yamesajiliwa kutoa msaada wa kisheria wilayani, uombe kuingia kwenye mafunzo yao yakitokea. Ile Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 imezunguka mikoani na imewatumia sana wasaidizi wa kisheria wa maeneo husika, ikija tena karibu yako nenda hata kama ni kusikiliza tu watu wanauliza nini, siku moja pale ni sawa na mwezi wa kusoma.

Kamwene dada. Mimi ni karani wa Mahakama ya Mwanzo, Mufindi. Jioni watu wa mtaani wananifuata niwaelekeze mirathi na talaka. Naweza kusomea usaidizi wa kisheria nikawa nafanya baada ya kazi?
*Karani wa mahakama, Mufindi*

Kamwene kaka. Kusoma, soma, na kwako chuo cha Lushoto ni chaguo zuri kwa sababu kinafundisha kazi za mahakama zenyewe. Kufanya usaidizi wa kisheria jioni kwa watu ambao asubuhi unawapokea kaunta, mimi nakukataza kama dada. Mtu uliyemwelekeza nyumbani akishinda kesi, aliyeshindwa atasema karani ndo alimsaidia, na hata kama ulisema sentensi moja tu hutaweza kujitetea.

Maelezo ya utaratibu unaweza kumpa yeyote, tena mpe vizuri ukiwa kaunta, sauti ya kusikika, kwa wote sawa. Fomu ya mirathi ni ipi, cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo vinatakiwa, msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu. Hilo la miezi 4 nakuomba uwasisitizie watu mno, wasimamizi wengi wanadhani wakishapata barua ya uteuzi wamemaliza. Ukitoka mahakamani moja kwa moja siku moja, kustaafu au kubadili kazi, usaidizi wa kisheria utakungoja na utakua mzuri kuliko wengi.

Dada mtu nimemsaidia, kapata haki yake, anarudi ananipa elfu kumi anasema ni ya soda. Nikikataa anaona nimemdharau. Nifanyeje?
*Msaidizi wa kisheria, Makambako*

Kataa. Najua kwetu kukataa mkono wa mtu ni kitu kizito, mwambie sheria ndo inanikataza mama, na ni kweli inakataza. Ada za mahakama analipa mwenyewe kwa kontroo namba kwa simu yake, hela hazipiti mkononi mwako hata kama ni za kutumwa, hata kama ana haraka. Yule wa soda leo kesho anasimulia kijijini kwamba kwa fulani ni elfu kumi, na yule asiye na elfu kumi hatakuja.

Dada mimi niko kwa wakili hapa Mbeya na nimemaliza mafunzo ya usaidizi wa kisheria mwaka huu, nasoma na cheti wikiendi. Shida ni kwamba majirani Mwanjelwa wameshajua, wanakuja nyumbani usiku. Bosi kasikia, hajafurahi, anasema nachagua moja. Ni haki yake kusema hivyo?
*Karani, Mwanjelwa*

Mdogo wangu hapa nitachukua upande wa bosi kidogo, na nitakuambia kwanini kwa kukusimulia kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa nne kwenye ofisi ya wakili, jina la ofisi haliongezi kitu, alikuja jirani yangu usiku analia, anauza nyanya sokoni, mume kamfukuza na kamwambia nyumba ni yake yeye peke yake kwa sababu yeye ndo ana mshahara. Mimi nilikua nimetoka darasani wiki hiyo hiyo tumesoma kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Nilikua na moto. Nikamweleza yote, kwamba aanzie kwenye baraza la usuluhishi la ndoa apate ile Fomu Namba 3 kwanza kwa sababu bila hiyo shauri la talaka halipokelewi, kwamba akusanye risiti, kwamba aandike tarehe ya kila tofali aliyoijua. Sikumdanganya hata neno moja. Kesho asubuhi naingia ofisini nafungua droo natoa mafaili ya wiki, jina la mume liko juu ya faili jipya. Ni mteja wetu. Alikuja juzi yake nikiwa nimetumwa mahakamani.

Nilikaa na hilo faili mkononi mpaka chai ikapoa. Nikienda kumwambia wakili nimemharibia, nikinyamaza nimewasaliti wote wawili. Nikamwambia. Alinikalia kimya siku nzima, jioni akaniita akasema mteja huyu namrudishia hela yake aende kwa wakili mwingine, na wewe ungekua umelala nalo hilo wiki moja ningekufukuza. Jirani yangu naye nikamwambia siwezi kuendelea naye, nenda kituo fulani, nikamnyima sababu, na akaninunia mwaka mzima maana alijua nimemtupa. Sababu nisingeweza kumpa bila kutoa siri ya ofisi.

Kwahiyo bosi wako anaogopa kitu halisi, na ana haki ya kukiogopa. Ila kuchagua moja sio njia pekee. Nenda kwake na pendekezo lililoandikwa. Sema kwamba usaidizi wa kisheria utaufanyia kwenye kituo kilichosajiliwa, siku moja ya wiki, labda Jumamosi mchana kama darasa linaruhusu, na nyumbani husikilizi kesi ya mtu. Sema kwamba pale kituoni kabla mtu hajaanza kusimulia unamuuliza vitu viwili tu, jina lake na jina la upande wa pili, na ukiona jina unalolifahamu kutoka ofisini unamkabidhi mwenzako bila kusikiliza zaidi na bila kueleza kwanini. Sema kwamba hutawaelekeza watu wa kituoni kwenye ofisi yake wawe wateja wa kulipa, maana hilo nalo mawakili wengine wanalipenda na linaharibu kituo, afadhali uliseme wewe mwanzo.

Mpe siku mbili tatu asome. Wakili anaelewa maandishi kuliko maneno.

Na majirani wa usiku, hapa ndo pagumu, maana huwezi kumfungia mlango mtu anayelia. Mimi sa hivi nina kikaratasi nyuma ya mlango, kina jina la kituo, siku na saa, na namba ya simu ya kituo, sio yangu. Mtu akija namkaribisha, namtilia chai, namwambia mama nitakusikiliza kila kitu Jumamosi saa nne pale kituoni, leo niambie jambo moja tu, uko salama usiku huu? Akisema hayuko salama, nafunga kitenge kichwani naongozana naye mpaka polisi, dawati la jinsia, saa yoyote ile, na kazini kesho yake nachelewa, hata wakili wangu wa zamani enzi zile alikua anajua kwanini nimechelewa. Akisema yuko salama anamaliza chai yake, anachukua kikaratasi, anaenda.